Sura ya Saba: Chai Kando ya Transfoma Namba Mbili

Parkash Lal alibana kipande cha karatasi kwa koleo ndogo, akakiinua mbele ya dirisha la maabara, akakikunja mara moja tu. Hakikuchanika. Kilivunjika kama papadi, na unga wake wa kahawia ukadondoka juu ya meza.

"Hiyo ndiyo ngozi ya marehemu," alisema.

Marehemu aliyemzungumzia alikuwa transfoma Namba Moja ya kituo cha kupoza umeme cha Garhi Sanwal. Marehemu wa kweli alikuwa Lutuf Brohi, fundi wa laini, kijana wa watu, aliyeunguzwa na mafuta ya transfoma hiyo jioni ilipopasuka. Na kwa kifo hicho Mithal Kalwar, mwangalizi wa mitambo, alikuwa amelala mahabusu tangu Jumatatu.

Inspekta Hajra Lashari hakupenda mzaha juu ya maiti, lakini wa Parkash aliuvumilia. Wakemia wengine wa serikali walikuwa wanajibu simu zake baada ya wiki, tena kwa kulalamika.

"Nieleze kama unamweleza hakimu," alisema, "siyo kama unawafundisha wanafunzi wako."

"Hakimu yupi, Adi?" Alimwita Adi, yaani dada, kama wote wa huku.

"Wa leo alasiri. Mithal anasomewa shtaka la kuua. Ukinichelewesha, nakupeleka wewe badala yake."

Parkash alicheka, akafuta mikono. "Haya. Ndani ya transfoma kuna nyaya za shaba zilizozungushwa kuwa koili. Kila waya umevikwa karatasi, na vyote vimezamishwa kwenye mafuta. Shaba haizeeki. Mafuta yakichoka, unayasafisha au unayabadilisha. Karatasi ikizeeka, basi, huwezi kuifungua na kuivika upya. Umri wa transfoma ni umri wa karatasi yake."

"Na kinachoizeesha?"

"Joto. Unyevu na hewa vinachangia, lakini mwenye kazi ni joto. Kila nyuzi sita juu ya kiwango, umri unakatika nusu. Ya kuishi miaka thelathini inaishi kumi na tano. Ongeza sita nyingine, hiyo kumi na tano nayo inakatika."

"Transfoma yenyewe iliwaka moto, Parkash. Karatasi si lazima iungue?"

"Moto unaunguza nje na kuacha masizi. Kipande hiki nimekitoa upande ambao moto haukufika. Kimeiva polepole, Adi, kama nyama ya biriani. Karatasi mpya ina minyororo midogo isiyoonekana kwa macho, na kila mnyororo una pingili kama elfu moja. Hii imebakiwa na mia na themanini. Ikishuka chini ya mia mbili tunaihesabu imekufa. Inaweza kukaa hivyo hivyo, kimya, hata miezi. Siku upepo ukigonganisha nyaya huko nje, koili inashtuka, karatasi inapukutika, kwisha habari."

Siku ya ajali kulikuwa na dhoruba ya vumbi. Hilo Hajra alikuwa analijua. Jicho lake la kushoto lilikuwa bado linawasha.

"Kwa hiyo ilichukua muda gani kuiva hivyo?"

"Kiangazi kizima. Labda viwili."

Hajra alisogeza kiti. Maelezo ya Mhandisi Naveed Abro, mkuu wa kituo, yalikuwa mepesi na ya kupendeza: Mithal alikuwa anakamua mafuta usiku ili auze, mafuta yakapungua, koili zikabaki wazi, transfoma ikapata moto na kupasuka. Ushahidi ni madumu mawili yaliyokutwa chini ya kitanda cha Mithal. Polisi wa zamu waliyapenda maelezo hayo kwa sababu hayakuwataka wafikiri.

"Na mafuta ya madumu?"

Parkash aliweka chupa mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, na alipoifungua ikatoa harufu kali ya uchachu. Ya pili ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyozidishwa maji.

"Karatasi ikiiva inaacha kitu ndani ya mafuta. Kitu hicho hakitoki penginepo, ni kwenye karatasi tu. Hii nyeusi ni ya Namba Moja. Imejaa. Hii ya madumu haina hata chembe. Haijawahi kuingia kwenye transfoma yoyote. Imetoka kwenye pipa jipya moja kwa moja."

"Basi Mithal ni mwizi wa mafuta mapya."

"Mama yake anaumwa magoti, Adi. Nusu ya mji ule inajipaka mafuta ya transfoma ikienda kulala. Mkamateni kwa hilo mkitaka, lakini mtahitaji gereza kubwa."

Lilikuwa limebaki jambo moja. Hajra alifungua mkoba wa vielelezo, akatoa kipimajoto cha Namba Moja, kilichorushwa mbali na mlipuko kabla moto haujashika: saa ya duara iliyopasuka kioo, na mrija mrefu wenye kijiti cha shaba mwishoni. Kulikuwa na sindano mbili. Nyeusi hufuata joto linavyopanda na kushuka. Nyekundu husukumwa na ile nyeusi na kubaki pale palipofikiwa juu kabisa. Nyekundu ilikuwa imesimama kwenye sabini na mbili.

"Sabini na mbili si kitu," alisema Parkash. "Kwa joto hilo karatasi ingemzika Mithal na wajukuu zake."

"Kwa hiyo shahidi mmoja ananidanganya. Ama karatasi, ama kipimajoto."

Alikitumbukiza kijiti kwenye birika la chai lililokuwa linatokota kwenye jiko la maabara. Sindano nyeusi ilipanda bila kusita, ikaipita nyekundu na kuisukuma mpaka karibu na mia. Kipimajoto kilikuwa kizima kabisa.

"Hakuna anayedanganya," Parkash alisema, amekunja uso.

Hajra alikifuta kijiti kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kilitoka na ukoko wa chumvi, ule mweupe unaoachwa na maji ya visima vya Garhi Sanwal kwenye kila ndoo na kila bomba, na nyuzi mbili tatu za katani. Alivikunja vyote pamoja akavitia mkobani.

"Nani kakwambia hakuna?" alisema. "Vaa viatu. Tunakwenda kunywa chai kituoni."

*

Walifika wakati wa sala ya Ijumaa, na Hajra alikuwa amepanga iwe hivyo. Mhandisi Abro alikuwa msikitini. Konstebo Piral, dereva wa Hajra, aliegesha gari kwenye kivuli pekee kilichokuwepo, akatoka huku analaani jua, lami na aliyevumbua sare za polisi.

Namba Moja ilikuwa mzoga mweusi upande wa kulia. Upande wa kushoto Namba Mbili ilikuwa inanguruma, imebebeshwa mji mzima peke yake. Mbele yake lilisimama feni la maji, sanduku la bati lenye majani makavu yanayodondoshewa maji, linapuliza upepo wa baridi kwa kelele nyingi.

Mgeni angecheka. Wa huku hacheki. Mwezi wa Juni katika Garhi Sanwal kila mwenye uwezo ana feni la maji, na transfoma hazikuachwa nyuma. Mwaka uliopita Abro alizizindulia mafeni yao kwa shada za maua na sahani za peremende, akapigwa picha, na picha ikatoka gazetini. Kabla ya hapo kengele ya tahadhari ilikuwa inalia kila adhuhuri, umeme unakatwa, na watu wanakuja getini na mawe. Baada ya mafeni, kengele ikanyamaza. Mji ukamwita Abro mwanamume, na uvumi ukasema makao makuu Karachi yanamtengea ofisi.

"Piral," alisema Hajra, "ukitaka kupoza transfoma, feni utalielekeza wapi?"

"Pale kwenye mapezi yake, Afande. Mafuta si yanapita pale ili yapoe?"

"Na hili linapuliza wapi?"

Piral alizunguka akaangalia. Feni lilikuwa limeyapa mapezi mgongo. Upepo wake wote uliishia kwenye kona moja ya juu ya tangi, ambako gunia lilifungwa kwa waya wa shaba, limelowa, linachuruzika.

"Nipandishie ngazi."

Hajra alipanda, akalifunua gunia. Chini yake kijiti cha kipimajoto kilikuwa kimelazwa ubavuni mwa tangi, kimebebwa na katani mbichi. Tundu lake, ambalo huingia ndani kukutana na mafuta, lilizibwa kwa kitambaa na kupakwa rangi ya kijivu ili lifanane na bati. Rangi ilikuwa imepakwa vizuri, na mtu mwenye subira. Hajra alilifunika gunia kama alivyolikuta, akateremka.

"Mgonjwa ana homa," alisema Piral taratibu, "na kipimajoto wamekitia kwenye bilauri ya barafu."

"Ndiyo maana kengele haikulia tena," alisema Parkash. Uso wake ulikuwa umebadilika. Hapakuwa tena na mzaha. "Adi, hii ina umri ule ule wa Namba Moja, na imefungwa gunia lile lile. Sasa inabeba mzigo wa mbili. Tuondoke hapa. Mwambie Abro azime, tuondoke."

"Nikimwambia azime, atazima, kisha atasema Mithal ndiye aliyefunga gunia. Na Mithal, ukimuuliza, atakubali kwamba alikuwa akilimwagia maji, maana sioni nani mwingine angelimwagia. Hakimu atasikia hilo tu." Alikung'uta mikono. "Lakini Mithal yuko ndani tangu Jumatatu, na gunia linachuruzika. Piral, toa kile kitanda cha kamba kwenye kibanda cha mlinzi, ukiweke hapa."

"Hapa wapi, Afande?"

"Hapa. Kivuli cha transfoma ni kizuri."

Piral alimtazama, akamtazama Parkash, akaenda kuleta kitanda. Kwa miaka aliyomwendesha alikuwa amejifunza kwamba kumbishia ni kupoteza muda. Hajra aliketi, akakunja mguu, akaagiza chai ya maziwa kutoka hoteli ya ng'ambo. Mgongoni alilisikia joto la tangi kupitia sare. Aliogopa, si uongo, lakini chai ilipofika aliipokea kwa mkono uliotulia.

Abro aliingia getini ananukia manukato ya Ijumaa, suruali yake pana ya shalwar, nyeupe, imepigwa pasi mpaka inakata. Alisimama ghafla, mbali.

"Adi Inspekta! Hukuniarifu. Karibu ofisini, kuna ubaridi."

"Nimeshakaa, Sain Abro, bwana wangu. Njoo tunywe chai. Nafunga jalada la Mithal leo, nina maswali mawili ya kumalizia."

Uso wa Abro ulichangamka, lakini miguu haikusogea. "Uliza tu. Masikini mzee yule. Tamaa!"

"Huyu Namba Mbili hana tatizo?"

"Hana. Tazama kipimajoto. Sabini na moja. Salama kabisa."

"Gunia hili la nini?"

"La kumpoza. Utaratibu wetu wa kiangazi."

"Mithal hayupo. Nani analilowesha?"

Abro alijinyoosha. "Mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Siwezi kuwaachia vibarua jambo nyeti."

"Nyeti," Hajra alirudia, kana kwamba neno limempendeza. "Mungu akubariki. Basi njoo ukae. Chai inapoa."

"Nakunywa nikiwa nimesimama. Mgongo unanisumbua."

"Kitanda cha kamba ni dawa ya mgongo."

"Sare yako itachafuka hapo, Adi. Kuna mafuta. Twende ndani."

"Sain, nimekaa mwanamke mzima hapa, wewe mhandisi mwenye kituo unanipigia kelele kutoka getini kama muuza mboga. Watu watasema nini? Hatua ishirini tu."

Piral, aliyekuwa amejibanza nyuma ya gari, alisonya kwa sauti. Abro alisogea kidogo, akasimama tena. Jasho lilikuwa limelowesha kola yake. Kila alipomtazama Hajra, macho yalimponyoka na kwenda juu, kwenye gunia.

Ndipo upepo ukaja. Ulianza kwa kuinua mifuko ya plastiki barabarani, kisha vumbi jekundu likasimama juu ya paa la kiwanda cha barafu, na nyaya za kutoka kituoni zikaanza kuyumba. Hajra aliweka kikombe kwenye sahani. Alitaka sana kuinuka. Alibaki.

"Upepo," alisema Abro. "Adi, tafadhali ingia ndani."

"Vumbi tu. Umesema sabini na moja."

"Nakuomba."

"Umesema salama kabisa."

Nyaya zilikaribiana, zikapiga mluzi, zikaachana. Ngurumo ya Namba Mbili iliruka na kushuka.

"Toka hapo!" Abro alipiga ukelele, amekwisha kujificha nyuma ya ukuta wa geti. "Toka, mwanamke, itapasuka! Karatasi yake imekwisha, haitahimili! Zimeni! Zimeni yote!"

Piral hakungoja kuambiwa mara ya pili. Alikimbilia chumba cha mitambo, na mwangalizi wa zamu akavuta swichi. Ngurumo ikakatika. Katika ukimya ule feni la maji nalo lilizunguka taratibu, likasimama.

Hajra aliinuka. Alipanda ngazi, akang'oa gunia, akatoa kitambaa na kukitia kijiti ndani ya tundu lake. Sindano nyeusi ilianza kupanda, ikapita themanini, ikapita tisini. Kengele ikaanza kulia. Kengele ya betri, haikujali kwamba umeme umekatwa. Sindano iliendelea kwenda mpaka mia na tatu, ikatulia.

"Na hayo ni mafuta ya juu tu," alisema Parkash. "Koilini ni zaidi."

Hajra aliteremka akaenda getini. Abro alikuwa ameketi chini, shalwar nyeupe vumbini.

"Umejuaje kama karatasi yake imekwisha, Sain? Mimi nimejua leo asubuhi, tena kwa kuelezwa na mkemia. Kipimajoto chako kinasema ni changa."

"Ungefanya nini wewe?" Sauti yake ilikuwa ya hasira zaidi kuliko ya hofu. "Niwakatie umeme kila adhuhuri? Wangenichoma mimi. Nilikuwa nasubiri transfoma mpya. Kila mwezi wananiambia mwezi ujao!"

"Ungezima. Wangekupiga mawe, ungeniita, ningekuja. Lutuf angekuwa nyumbani kwao sasa hivi. Na hayo sikusamehe, lakini la kumtupia mzee wa watu kesi ya kuua, hilo ndilo limenifanya nikae pale. Piral, mfunge pingu. Parkash, umesikia alichosema?"

"Neno kwa neno, Adi. Nitamwambia hakimu."

Nje ya ukuta mji ulikuwa umeanza kupiga kelele. Feni zimesimama katika kila nyumba, na adhuhuri ilikuwa ndiyo kwanza inapamba moto. Hajra alimpigia simu mkuu wa polisi wa wilaya, akaomba askari wa geti na mapande ya barafu kwa hospitali. Alipoulizwa umeme utarudi lini, alijibu utarudi transfoma itakapopatikana, na kwamba matusi yote aelekezewe yeye.

Kisha alipiga simu mahabusu.

"Ami Mithal? Hajra hapa. Leo hupelekwi kwa hakimu kushtakiwa. Unapelekwa kuachiliwa. Mwambie mama yako apike."

Kilisikika kilio cha furaha cha mtu mzima asiyezoea kulia, na dua ndefu kwa Hajra, kwa watoto wake na kwa wazee wake. Alimwacha amalize.

"Afande, ni nini basi kilichoipasua? Wamejua?"

Angeweza kumwambia wataongea jioni. Lakini mzee angeisikia njiani kutoka kwa askari, nusu nusu, tena imetiwa chumvi.

"Joto, Ami. Iliiva ndani, siku nyingi. Abro alikitoa kijiti cha kipimajoto akakificha chini ya gunia, ndiyo maana sindano ilikuwa inashuka kila mlipolilowesha. Transfoma haikuwa inapoa. Kilichopoa ni kipimajoto. Wewe hukujua, na nitasema hivyo mbele ya hakimu."

Hajra alisikia mlango wa chuma ukifungwa mbali, na askari akimuuliza mzee kama simu imekatika.

"Maji hayo sikuwa nabeba mimi," Mithal alisema hatimaye. "Mgongo wangu mbovu. Alikuwa ananibebea Lutuf. Hata kama si zamu yake, alikuwa anapita na ndoo. Mimi nakaa chini naangalia sindano, yeye yuko juu ya ngazi." Alipumua. "Siku ile nilimwambia aongeze ndoo moja, Afande. Alikuwa amekwisha kushuka. Nikamwambia, mwanangu, ongeza moja tu."

Kengele ilikuwa bado inalia nyuma ya Hajra. Alimwambia asiondoke pale na mtu mwingine yeyote, anakuja kumchukua mwenyewe, akamtupia Parkash mkoba wa vielelezo na kuingia garini upande wa dereva.